Lanji ya pembeni, skwati ya upande au skwati ya Kikosaki: chagua kwa kutazama mguu ulionyooka

Mazoezi mengi ya miguu yanakwenda mbele na nyuma. Skwati (kuchuchumaa na kusimama), lanji ya kawaida (kupiga hatua ndefu mbele na kushuka), kupanda ngazi, kukimbia, kuendesha baiskeli: kote huko goti linakunjika na kunyooka kwenye mstari uleule, na mwili hauendi kushoto wala kulia. Misuli ya paja la ndani na ile ya ubavuni mwa nyonga inashiriki, lakini kazi yake hapo ni kuushikilia mguu usiyumbe. Siku unapolazimika kuruka upande, kumkwepa mtu, au kujizuia usianguke baada ya kuteleza, misuli hiyo inadaiwa kazi ambayo haijawahi kufundishwa. Kwa hiyo naamini zoezi la upande lenye uzito linastahili nafasi katika ratiba ya kila anayejenga miguu. Na ketilibeli, lile tufe la chuma lenye mshikio juu, inalifaa sana, kwa kuwa uzito wake unakaa karibu na mwili na mikono inaushika bila kuhangaika.

Shida ni kwamba watu husema tu "zoezi la upande" wakati mazoezi yenyewe ni matatu. Katika skwati ya upande, miguu imetanuliwa tangu mwanzo na nyayo hazihami. Unaegemea upande mmoja, unapanda, unaegemea mwingine. Katika lanji ya pembeni, unaanza ukiwa umesimama wima, unapiga hatua ndefu ya kando, unashuka, kisha unaisukuma sakafu na kurudi ulipoanzia. Katika skwati ya Kikosaki, miguu imetanuliwa zaidi, unashuka hadi chini kabisa juu ya mguu mmoja, na ule mwingine unanyooka vidole vikitazama juu, kisigino peke yake kikigusa sakafu.

Ukiyatazama kwenye picha utadhani ni zoezi moja. Ukiyafanya utagundua kila moja linadai kitu chake, na kwamba anayeanza na lisilomfaa huishia kuulaumu mwili wake bure.

Wengi huchagua kwa kuuangalia mguu unaokunjika: una nguvu kiasi gani, utabeba kilo ngapi. Mimi nasema utazame ule mwingine, ulionyooka. Huo ndio ambao misuli yake inavutwa hadi karibu na mwisho wa urefu wake. Huo ndio unaoweka mpaka wa kushuka, mpaka wa uzito, na ndio unaoamua kama mgongo wako utabaki mrefu au utajikunja kutafuta nafasi ambayo nyonga haina.

Jipime kwanza bila uzito

Simama bila viatu, tanua miguu hadi nafasi kati ya nyayo ikaribie mara mbili ya upana wa mabega yako. Vidole vitazame mbele, au vigeuke nje kidogo tu. Nyoosha mikono mbele ili upate mizani, kisha yapeleke makalio nyuma na kulia, kama mtu anayetafuta kiti kilichowekwa nyuma ya kisigino chake. Mguu wa kushoto ubaki umenyooka. Shuka taratibu mpaka kitu kikuzuie, tulia hapo kwa pumzi mbili, ujikague.

Anza na kisigino cha kulia. Kikiinuka, ama kifundo cha mguu hakikunjiki vya kutosha, ama umelipeleka goti mbele badala ya kuipeleka nyonga nyuma. Kisha wayo wa kushoto: ukingo wa nje ukiinuka na uzito ukalala wote kwenye ukingo wa ndani, umetanua kuliko unavyoweza kuhimili. Goti la kushoto likijikunja lenyewe, paja la ndani limefika mwisho wake na limeanza kuomba msaada. Mwisho kagua kiuno. Sehemu ya chini ya mgongo ikianza kujikunja na makalio kuingia chini ya mwili, umeshapita kina chako halali, hata kama huhisi maumivu yoyote.

Sasa pima ulipofika. Ikiwa paja la kulia bado liko mbali na kulala sambamba na sakafu na mguu wa kushoto umeshalalamika, zoezi lako kwa sasa ni skwati ya upande. Ikiwa paja limekaribia kulala sambamba na sakafu, nyayo zote mbili zimelala na mgongo ni mrefu, uko tayari kwa lanji ya pembeni. Na ikiwa unaweza kuendelea kushuka chini ya hapo bila kisigino kuinuka, hapo ndipo Kikosaki kinaanza kuwa na maana. Rudia upande wa pili. Pande mbili zikitofautiana, na kwa watu wengi zinatofautiana, upande mgumu ndio unaochagua.

Skwati ya upande: mahali pa kujifunzia njia

Uzuri wake ni kwamba hakuna kutua. Nyayo ziko palepale tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo akili yako yote inabaki kwenye nyonga. Shika ketilibeli mbele ya kifua, mikono miwili ikishika pande za mshikio, viwiko karibu na mbavu. Vuta pumzi, kaza tumbo, shuka kwa hesabu ya tatu, tulia kidogo, kisha sukuma kwa wayo mzima wa mguu uliokunjika hadi urudi katikati.

Wapo wanaopenda kuteleza kutoka kulia kwenda kushoto bila kupanda katikati. Mapaja yanawaka, hilo ni kweli, na wakati mwingine ndicho unachokitaka. Kwa mtu anayejifunza siipendi njia hiyo. Kadiri uchovu unavyoingia ndivyo mgongo unavyoinama, na kwa kuwa hupati hata nukta moja ya kusimama na kujipanga upya, marudio mabaya yanazaa marudio mabaya. Panda katikati, simama, pumua, nenda upande wa pili.

Kosa kubwa hapa ni kutanua kidogo mno. Miguu ikiwa karibu, huna pa kuipeleka nyonga; goti linalazimika kusogea mbele au kuanguka ndani, na mguu wa pili unajikunja. Mtu akiniambia skwati ya upande inamuumiza goti, jambo la kwanza ninalolitazama ni upana wa miguu, na mara nyingi kuongeza nafasi ya wayo mmoja tu kunabadilisha hali yote.

Upungufu wake ni mmoja: inakufundisha kushuka na kupanda, haikufundishi kuusimamisha mwili unaosafiri. Kwa mtu anayetaka tu mapaja yenye nguvu na nyonga zisizokakamaa, upungufu huo si hasara. Kwa mchezaji ni hasara.

Lanji ya pembeni: hatua ndiyo zoezi

Hapa mambo yanabadilika. Unasimama, miguu iko chini ya nyonga, ketilibeli kifuani. Unaunyanyua mguu wa kulia, unaupeleka kando, unatua. Nukta hiyo ya kutua ndiyo roho ya zoezi. Uzito wako pamoja na wa chuma unataka kuendelea kwenda kulia. Mguu uliotua unafunga breki kwa makalio na paja la mbele, huku paja la ndani la mguu uliobaki likirefuka likiwa limekaza. Kisha, bila kupumzika, lazima uugeuze mwendo wote na kurudi.

Kwa anayejifunza nashauri avunje tendo hili vipande viwili. Kwanza hatua, wayo ulale wote sakafuni. Ndipo nyonga irudi nyuma na goti likunjike. Baada ya muda vipande hivyo vitaungana vyenyewe, lakini anayeviunganisha mapema huangukia upande: nyonga inabaki juu ya wayo, mwili unateremka moja kwa moja, na goti linabeba peke yake mzigo ambao ulikuwa wa watu wawili. Sikiliza pia sauti. Wayo ukitua kwa kishindo, hujafunga breki, umegonga ukuta. Punguza uzito au fupisha hatua mpaka utue kimya.

Urefu wa hatua ndio unaowasumbua wengi, na hakuna namba moja inayowafaa watu wote kwa sababu miguu haina urefu mmoja. Lakini mwili unakuonyesha. Mtu akikutazama kutoka mbele ukiwa chini, ugoko wa mguu uliokunjika unapaswa kuwa karibu wima: goti juu ya wayo, halijaangukia ndani wala kusukumwa nje kupita ukingo wa wayo. Hatua ikiwa fupi, goti linapita nje ya wayo na nyonga inakosa nafasi. Hatua ikiwa ndefu mno, goti linabaki upande wa ndani na unakwama chini. Huwezi kurudi kwa msukumo mmoja. Unajikokota kwa hatua mbili ndogo, au unarusha kifua juu ili kikuvute. Nikiona mtu amerusha kifua, sihitaji kuuliza: ama hatua ni ndefu, ama chuma ni kizito.

Kuhusu kifua kuna maelekezo yanayorudiwa sana kwamba kisimame wima muda wote. Sikubaliani nayo. Katika lanji ya pembeni kiwiliwili kinainama mbele kutoka kwenye nyonga, na hilo ni sahihi, kwa sababu makalio yakienda nyuma lazima kitu kiende mbele ili usianguke. Kinachokatazwa ni mgongo kujikunja. Ukilazimisha kifua kiwe wima huku nyonga ikirudi nyuma, utaishia kukitumbukiza kiuno mbele au kuinua kisigino. Inama, lakini uti wa mgongo ubaki mrefu kuanzia kisogoni hadi mwisho wa kiuno, na ketilibeli isipite nje ya goti lililokunjika.

Goti lifuate vidole. Vidole vikitazama mbele, goti litazame mbele. Vikigeuka nje kidogo, nalo ligeuke. Goti linaloangukia ndani wakati wa kusukuma mara nyingi halina tatizo lenyewe. Ni misuli ya ubavuni mwa nyonga iliyochoka au uzito uliozidi. Usipigane nalo kwa kulisukuma nje kwa nguvu. Punguza kina kwanza, uone kama linajirekebisha.

Kurudi ni lazima kuwe kwa msukumo mmoja, wayo mzima ukiisukuma sakafu mbali nawe, hadi usimame kabisa kwa mguu mmoja au miwili. Mara tu kurudi kunapokuwa kwa awamu mbili, seti (mfululizo wa marudio bila kupumzika) imekwisha, hata kama ulikuwa umejipangia marudio kumi na umefika sita.

Ukamilishe upande mmoja kwanza, au ubadilishe kulia na kushoto? Kukamilisha upande mmoja kunakupa nafasi ya kurekebisha kosa palepale, rudio kwa rudio, na hapo ndipo mtu anapojifunza. Kubadilishana kunaupumzisha kila mguu na kunadai uratibu zaidi. Mimi ningeanza na upande mmoja, tena ule mgumu, wakati ungali na nguvu.

Skwati ya Kikosaki: kina, kifundo na uvumilivu

Hii ndiyo inayopendeza zaidi kuitazama, na kwa hiyo ndiyo inayoharakishwa zaidi. Unashuka hadi paja la nyuma likaribie kukutana na shavu la mguu, kisigino kikiwa chini, na mguu wa pili umelala mrefu kando yako. Kifua kinabaki wima zaidi kuliko katika lanji, na goti la mguu uliokunjika linakwenda mbele sana, kupita vidole. Hilo si kosa, kwa sharti kwamba kisigino kibaki sakafuni na goti lifuate mstari wa vidole.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu hofu ya goti kupita vidole. Mwaka 2003 Andrew Fry na wenzake walichapisha vipimo vya skwati yenye chuma begani, mara moja magoti yakiwa huru na mara nyingine yakizuiwa na ubao yasipite vidole. Magoti yalipozuiwa, nguvu ya kuzungusha kwenye goti ilishuka kutoka takriban nyutoni-mita 150 hadi 117, lakini ile ya nyonga ilipanda kutoka takriban 28 hadi 303. Ilikuwa skwati ya kawaida, si ya upande, ila funzo lake linavuka: mzigo haupotei, unahama. Lanji ya pembeni, kwa kupeleka makalio nyuma, inaelekeza kazi kubwa kwenye nyonga. Kikosaki, kwa kupeleka goti mbele na kushuka chini kabisa, kinadai sehemu kubwa zaidi kutoka kwa goti na kifundo cha mguu. Mwenye goti linalonung'unika ana sababu ya kupendelea lanji. Mwenye kiuno kinachochoka haraka akiinama anaweza kukuta Kikosaki chepesi kinamfaa zaidi, mradi kifundo kinaruhusu.

Vidole vya mguu ulionyooka vinapotazama juu, mguu mzima umejizungusha kuelekea nje, na mvuto unahamia kwa kiasi fulani kutoka paja la ndani kwenda nyuma ya paja. Ndiyo siri ya kina chake. Kwa hiyo anayefanya Kikosaki ili kuimarisha paja la ndani asishangae akihisi nyuma ya goti ndiko kunakovutika. Akitaka mvuto ubaki ndani, alaze wayo wote sakafuni na akubali kina kidogo. Wakati huo atakuwa ameshaingia kwenye skwati ya upande, na hakuna ubaya wowote.

Jambo la kushangaza kidogo kuhusu ketilibeli na Kikosaki: uzito mdogo unalifanya zoezi liwe rahisi zaidi kuliko kutokuwa na uzito kabisa. Chuma kilichoshikwa mbele ya kifua kinafidia makalio yaliyokwenda nyuma, na mtu aliyekuwa akianguka chali kila akishuka anaweza kutulia chini akiwa na kilo 4 au 6 tu. Nimeona hili likiwafungulia watu mlango ambao walidhani umefungwa. Lakini lisikudanganye uongeze. Huku chini unachokijenga kwanza ni udhibiti katika kina, na kilo zinaweza kusubiri.

Wanaotaka kupiga msamba, wacheza ngoma, wanaofanya mieleka, judo au jujitsu watafaidika na Kikosaki kuliko wengine wote, kwa sababu michezo yao inawapeleka hasa kwenye kina hicho. Mtu ambaye maisha yake hayampeleki huko hana deni la kukifikia.

Mshiko unabadilisha zoezi kuliko kilo

Mshiko wa kifuani, nilioutaja hadi sasa, ndio ningempa kila mtu mwanzoni. Unasaidia mizani, unakuonya mapema (mikono na mgongo wa juu vikichoka, chuma kinateremka, unajua ni wakati wa kuacha) na ukishindwa unakiweka sakafuni mbele yako bila ajali.

Mshiko wa kuning'iniza ni tofauti kabisa. Chuma kinashikwa kwa mikono miwili au mkono mmoja, mikono imenyooka chini, nacho kinateremka kati ya miguu kuelekea upande wa ndani wa wayo uliokunjika. Uzito uko chini, kwa hiyo hauyumbishi, na unaweza kubeba kilo nyingi zaidi. Makalio na nyuma ya paja vinapata kazi kubwa. Gharama yake ni mgongo: chuma kinakuita chini, na wengi wanakifuata kwa mabega badala ya nyonga. Kanuni yangu ni kwamba kina kinaamuliwa na nyonga, si na chuma kugusa sakafu. Kikikomea katikati ya ugoko, kimekoma. Usiutumie mshiko huu kwenye Kikosaki; chini kule hakuna nafasi ya chuma kuning'inia, na unapoteza ule msaada wa mizani.

Wa tatu ni mshiko wa begani, ketilibeli moja ikilala kati ya mkono wa juu na ule wa chini, kiwiko karibu na mbavu, ngumi chini ya kidevu. Uzito uko upande mmoja tu, kwa hiyo kiwiliwili chote kinapigana kisiinamie kando. Chuma kikiwa upande wa mguu unaopiga hatua kinakusukuma zaidi nje. Kikiwa upande wa pili kinakuvuta nyuma na kuubana ubavu. Ni mshiko mzuri wa kulifanya zoezi liwe gumu bila kuongeza kilo, lakini ni wa mtu ambaye lanji yake ya kifuani haina doa.

Dambeli, kile chuma kifupi chenye vichwa viwili vya uzito, je? Kwa mshiko wa kifuani inafanya kazi karibu sawasawa. Ikishikwa wima kwa kichwa kimoja, hakuna atakayepoteza chochote cha maana.

Kilo ngapi, mara ngapi

Ketilibeli nyingi zinapanda kwa kilo nne nne: 8, 12, 16, 20, 24. Kilo 16 zinatokana na pudi, kipimo cha kale cha Urusi chenye kilo 16.38, na ngazi ya 24 na 32 ni pudi moja na nusu na pudi mbili. Ngazi hizo zinaonekana sawa, lakini mwilini haziko sawa. Kutoka 8 kwenda 12 umeongeza nusu nzima ya uzito uliokuwa nao. Kutoka 12 kwenda 16 umeongeza theluthi. Kwa paja la ndani, ambalo kwa watu wengi ni geni kwa kazi nzito, kuruka nusu nzima kwa siku moja ni kutafuta maumivu. Kabla ya kupanda ngazi, jaza ile uliyopo: ongeza marudio kutoka sita hadi kumi, kisha punguza mwendo wa kushuka, kisha tulia chini kwa sekunde mbili. Ukiyamaliza hayo kwa umbo lisiloyumba, panda, na urudi kwenye marudio sita.

Asiyewahi kufanya zoezi la upande aanze bila chuma kwa vipindi vya mwanzo, hata kama anapiga skwati nzito. Nguvu ya skwati haihamii huku moja kwa moja. Seti mbili za marudio sita kila upande zinatosha kuanzia, mara mbili kwa wiki. Tarajia paja la ndani liume kesho yake na keshokutwa. Maumivu ya misuli ya namna hii kwa kawaida hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha. Hayo ni maumivu yaliyoenea, yanayouma ukigusa paja zima. Maumivu makali ya sehemu moja, juu kabisa karibu na kinena, yanayochoma unapobana mapaja pamoja, ni habari nyingine. Acha zoezi na umwone mtaalamu wa viungo.

Wajawazito wanaohisi maumivu ya fupanyonga waepuke mitanuo ya namna hii, kwa kuwa kutanua miguu na kuegemea upande mmoja huyachochea. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, au aliyechanika msuli wa kinena karibuni, asianze bila ruhusa ya anayemtibu.

Kwa wachezaji wa soka kuna sababu ya ziada ya kutolipuuza paja la ndani. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi ya watafiti wa Norway kuhusu wachezaji wa kiume: timu zilizofanya programu ya kuimarisha misuli hiyo zilikuwa na hatari ya matatizo ya kinena pungufu kwa asilimia 41 kuliko zisizoifanya. Zoezi lenyewe lilikuwa la Copenhagen, lile la kujiinua kwa ubavu huku mguu wa juu ukishikiliwa na mwenzako. Kwa hiyo lanji ya pembeni isichukue nafasi yake. Mchezaji afanye yote mawili: Copenhagen kwa nguvu tupu ya paja la ndani, lanji kwa kufunga breki na kugeuza mwendo.

Ningechagua nini kwa nani

Anayeanza, mwenye nyonga ngumu, au anayekaa kitini siku nzima: skwati ya upande, mshiko wa kifuani, kwa wiki kadhaa, mpaka kile kipimo cha bila uzito kibadilike. Mtu mwenye miezi ya mazoezi mwilini na anayetaka faida kubwa zaidi kwa muda mdogo: lanji ya pembeni, na ningemwacha hapo kwa muda mrefu, kwa sababu ina kina cha kutosha, ina mwendo, na inakubali kilo. Kikosaki ningekiweka kando ya lanji, si badala yake. Seti moja au mbili nyepesi katika kupasha mwili joto zinaitayarisha nyonga vizuri kwa kazi nzito inayofuata.

Kwa mpangilio wa siku, lanji ya pembeni ije baada ya skwati au zoezi lako kuu la kunyanyua, miguu ikiwa na joto lakini haijachoka kabisa. Iwekwe mwisho wa kipindi ikiwa tu umepunguza uzito, maana paja la ndani lililochoka halifungi breki kwa wakati.

Jirekodi kwa simu mara moja moja, na usimamishe simu mahali pawili. Ya mbele itakuonyesha goti, ugoko na kingo za nyayo. Ya ubavuni itakuonyesha mgongo na kisigino. Itazame kwa mwendo wa taratibu, ukianza na rudio la mwisho la seti.